Mbebamji

Gari la sinema la kampuni ya sabuni lilifika uwanja wa shule wa Jego siku ya Alhamisi, tarehe kumi Agosti 1967, saa kumi na moja jioni. Nguzo mbili zilisimamishwa, na kati yake ikafungwa shuka nyeupe iliyoungwa kwa vipande vinne. Wanaume waliketi upande wa mtambo wa picha. Wanawake waliketi nyuma ya shuka, kama walivyoketi Mwabungo na Msambweni, na kwa hiyo waliona kila kitu kwa kinyume. Maandishi yalianzia kulia, jambo ambalo waliosoma chuo cha Kurani hawakuliona geni, na shujaa wa filamu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Kiingilio kilikuwa karatasi moja ya kufungia sabuni. Mwanarusi Chirau, msukaji makuti wa Mwabungo, alitoa karatasi yake ya tano. Alikuwa ameitazama filamu hiyo kwao Mwabungo, kisha Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, akilifuata gari kwa miguu na kwa malori, na katika kila mji alifua nguo za watu ili apate karatasi nyingine.

Filamu ilikuwa mpya. Jina la kigeni la shujaa halikusikika vizuri, na Suleiman, aliyesimama kando ya gari na kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili, alimwita Mbebamji. Bwawa linapasuka. Mji uko bondeni. Mbebamji anaingia chini ya mji, anaunyanyua kwa mkono mmoja na kuutua juu ya kilima. Sehemu hiyo ilichukua dakika nne, na Mwanarusi alilia dakika zote nne, kila mara, mpaka leso ikalowa. Siku ya kwanza, kule Mwabungo, jirani yake Kache alimgeukia.

"Shoga, Matano alipokufa hukulia hivi."

"Matano hakuwahi kubeba nyumba," Mwanarusi alijibu.

Matano alikuwa mumewe. Alizikwa nyuma ya nyumba, karibu na watoto wao wawili waliochukuliwa na surua mwaka mmoja. Kiwanja kilikuwa upande wa pwani, chenye minazi thelathini na mmoja. Mwezi wa Juni barua ilifika kwa chifu. Ilieleza kwamba kiwanja kilikuwa na hati yenye jina la mtu mwingine tangu babu yake Mwanarusi hajaingia jandoni, kwamba mwenye hati alikuwa amekiuza kwa kampuni ya hoteli, na kwamba ardhi hiyo iwe tupu Jumatatu tarehe kumi na nne Agosti. Mwanarusi alikwenda ofisini mara tatu. Aliulizwa hati. Alitaja makaburi. Karani aliandika neno "makaburi" kwenye karatasi, akaiweka chini ya karatasi nyingine.

Kule Jego, Mbebamji alipounyanyua mji, Mwanarusi alisimama. Hakupaza sauti. Alimtajia kijiji, namba ya kiwanja, tarehe, na majina ya watu watatu waliozikwa pale. Mbebamji aligeuza uso, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliurudisha mji chini pale pale ulipokuwa, akavuka pindo la shuka na kutokea upande wa wanawake. Waliokuwa mbele walisogeza mikeka apite.

Kwenye shuka maji yaliufikia mji, na mji ukazama pamoja na watu wake. Suleiman alilieleza tukio hilo kwa sauti ile ile, kisha akatangaza sabuni. Tangu siku hiyo filamu ilimalizika hivyo kila mahali ilipoonyeshwa. Baadhi ya watazamaji walisema ni afadhali hivyo, maana ilifanana zaidi na mambo yalivyo.

Mwanarusi na Mbebamji walirudi Mwabungo kwa lori la magunia ya mbata. Utingo alimtoza Mbebamji nauli ya mtoto, kwa sababu magunia yalionekana kupitia kifua chake. Alikuwa wa kijivu mwili mzima, kama filamu yenyewe. Hakuwa na sauti, kwani sauti yake ilibaki katika spika ya gari, na gari lilikuwa limekwenda Vanga. Alipotaka kusema alisogeza midomo, na Mwanarusi alijibu kwa kukisia. Nyumbani alikula wali kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza Mwanarusi alimkataza. Siku ya pili alimwacha, akamweleza Kache kwamba huo ndio mkono wake wa kulia, ila umetazamwa kutoka nyuma.

Kwa siku tatu Mwanarusi aliishi kama mtu asiyedaiwa chochote na dunia. Alibadilisha makuti ya paa yaliyooza. Alifagia makaburi na kuyapanga upya mawe yake. Jumapili alipika pilau akaalika majirani, na Kache, akiwa ameinamia sinia, aliuliza mgeni angewafanya nini watu wa ardhi.

"Atawazuia."

"Kwenye filamu alimzuia nani?"

Mwanarusi alimwambia anyamaze ale.

Jumatatu saa mbili asubuhi alifika mpima ardhi aitwaye Rai, pamoja na askari wawili na kamba ya kupimia. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akaitikiwa. Alisoma barua yote, polepole, kisha akampa Mwanarusi muda wa kuuliza swali. Mwanarusi hakuwa na swali. Alimwonyesha mgeni wake, aliyekaa barazani. Rai alimpa mgeni mkono, akapewa wa kushoto, akaupokea. Mwanarusi aliingia ndani, akafunga mlango, akasema kupitia dirisha, "Haya."

Mbebamji aliingia chini ya nyumba na kuinyanyua, pamoja na sakafu yake ya udongo, mafiga, kitanda na kuku wawili waliokuwa uvunguni. Alipanda nayo mpaka ikapita vilele vya minazi, akasimama hewani. Hakuna kilichomwagika. Mwanarusi alifungua mlango. Chini yake aliona mraba wa udongo mkavu, na nyuma ya mraba huo makaburi matatu.

Rai aliupima mraba, akaandika kitabuni, akainua uso.

"Mama, tunakushukuru. Kubomoa hutuchukua siku nzima."

"Mimi sijahama."

"Amri inasema ardhi iwe tupu," Rai alisema kwa upole. "Sasa ni tupu."

Mwanarusi alimwamuru Mbebamji airudishe nyumba. Mbebamji aligeukia vilima vya Shimba, akatafuta pa kuitua. Hapo Mwanarusi aliipitia filamu yote moyoni, kutoka mwanzo, kama mtu anayekagua makuti fungu kwa fungu. Alikuwa ameitazama mara tano. Hakukuwa na mahali popote Mbebamji alipoyagusa maji. Maji yalikuja, yeye akawaondoa watu, na bonde likabaki kwa maji. Hilo ndilo alilolijua, na alilifanya vizuri.

Alimwomba abebe na makaburi. Mbebamji alisogeza midomo. Filamu haikuwa na makaburi. Mwanarusi alipiga sakafu kwa ngumi mpaka ngozi ya vidole ikatoka, akimwambia ashuke, ashuke, na kila mara Mbebamji aligeukia tena vilima. Mwanarusi alikataa kupelekwa Shimba. Kwa hiyo nyumba ilibaki hewani pale pale.

Kampuni ya hoteli haikulalamika. Wakili wake aliisoma hati, akaona kwamba haikusema lolote kuhusu hewa. Kiwanja kilizungushiwa seng'enge, na minazi ikakatwa isipokuwa minane iliyopendeza. Kila adhuhuri Kache alisimama nje ya seng'enge na kufunga maji na unga kwenye kamba iliyorushwa kutoka juu. Walisalimiana na kupeana habari za kijiji, na Kache hakutaja filamu.

Tingatinga lilifika kwenye makaburi Ijumaa moja ya Oktoba, kabla ya saa ya swala. Dereva alikuwa Dzombo, mtu mzima, Mwislamu. Alizima injini, akashuka, akavua viatu, akasimama mbele ya mawe na kusoma Fatiha yote bila haraka. Mwanarusi alikuwa mlangoni, juu ya kichwa chake. Dua ilikuwa imesomwa, na dua huitikiwa, basi akaitikia amina kwa sauti ya kutosha kufika chini. Dzombo aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa ruhusa. Kisha alivaa viatu vyake, akapanda, akawasha injini.