Cheti cha Kaka Mtu

Kitindamimba wa Mama aliuawa vitani, na barua ya jeshi ikasema aliyekufa ni kaka yake. Kaka mtu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa hapo hapo mlangoni, buheri wa afya, akimsomea mama yake habari za kifo chake mwenyewe.

Kosa lilikuwa la nyumbani. Mdogo aliishia darasa la sita, na jeshi lilitaka cheti cha kidato cha nne. Akaazimwa cha kaka yake.

"Jina kofia tu, Mama," alisema akiaga. "Nikirudi nitaivua."

Mwenzake wa vitani aliyerudi na mguu mmoja ndiye aliyesema ukweli wa kifo chake. Walilishwa wali wenye funza. Bunduki zilikwama. Kamanda alikimbia na lori pekee, limejaa magodoro yake, akawaacha vijana mlimani kama takataka.

Mama na fundi wakaenda ofisi ya kumbukumbu. Ofisa alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Kila alichokitoa alikitazama, kisha akakila tena.

"Pole, Mama. Mwanao shujaa."

"Ahsante, baba. Ila jina si lake. Mwenye jina huyu hapa."

Ofisa akamgeukia fundi. "Wewe ndiye marehemu?"

"Ndimi, afande."

Makarani wakaangua kicheko.

"Basi sikiliza, marehemu. Kughushi ni jela, wewe na mama yako. Na huyo mwingine sisi hatumjui. Asiyeandikishwa hafi."

"Mlipompeleka kufa mlimwuliza kama cheti ni chake?" fundi akadakia.

"Mama, mfunge mwanao mdomo. Umebakiwa na huyo tu."

"Nataka kaburi liandikwe jina lake, baba. Sitaki kingine."

Ofisa akafuta kijiti chake kwenye jalada. Mama akamtazama fundi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Andikeni mlivyoandika," akasema.

Siku ya maziko kamanda wa magodoro alisoma jina la fundi, akalisifu, akalipigia saluti. Askari walisimama karibu wakisikiliza vilio. Mama akamlilia mwanawe aliye hai, kwa jina, kwa sauti, wasije wakamchukua na yeye.

Umri wa kitindamimba, miaka kumi na tisa. Siku kumi na moja vitani. Risasi ishirini alizopewa, kumi na nne hazikutoka. Jina lake moja la herufi sita, ambalo mama yake hawezi tena kulitamka mbele ya watu.