Kiti cha Mzee Mhina

Mchezo wenyewe una sharti moja gumu: ukigusa mpira, makalio yako yawe chini. Uwe umekatwa mguu kama Mashavu, uwe umepooza kiuno kama Yusra, uwe na mikono ya kupasulia kuni kama Naipanoi wa Handeni, sharti ni hilohilo. Ukijiinua hata kwa unene wa kanga, refa anapuliza filimbi na pointi inakwenda upande wa pili. Wanauita mpira wa wavu wa kukaa. Wavu unafungwa chini, unamfika mtu kiunoni, na wachezaji sita kila upande wanajiburuza kwa mikono juu ya turubai.

Mashavu alilijua sharti hilo kuliko anavyolijua jina lake. Lililomkosesha raha Jumamosi ile, katika uwanja wa shule pale Korogwe, halikuwa sharti la refa. Lilikuwa la baba mkwe wake.

Mzee Mhina alilitoa mwezi mmoja kabla, nyumbani kwake Masuguru, baada ya chakula. Mambo mazito hakuwahi kumwambia mkwewe uso kwa uso. Aliyapitisha kwa mwanawe Sadala, hata kama Mashavu amekaa hatua tatu kutoka pale na masikio yake mawili mazima.

"Mwambie mkeo," alisema akimtazama Sadala, "nasikia kuna mchezo wa watu kujiburuza chini, miguu wameinyoosha, na wanaume wamezunguka wanatazama. Siku nitakayomwona kwa macho yangu yumo humo, siku hiyohiyo utampakia kwenye gari arudi kwao Mpale. Nimemaliza."

"Nimesikia, baba," alijibu Sadala. Mwanaume mzima, ana ndevu, ana pikipiki yake ya kubebea abiria, na hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kumjibu baba yake tangu azaliwe. Nyumba ni ya mzee, neno ni la mzee, na Mashavu alijua fika kwamba likitokea la kutokea, mumewe ataitika vilevile na kutafuta gari.

Wala usimwone mzee yule mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Miaka sita iliyopita, lori lilipomgonga Mashavu akakatwa mguu wa kushoto juu ya goti, ndugu walikuja kwa makundi kumshauri Sadala aongeze mke. Aliyewatimua ni Mzee Mhina. Kisha akamjengea mkwewe choo cha kukaa kwa mikono yake mwenyewe, akaweka na vishikio. Kosa lake lilikuwa kwamba tangu siku ile alitaka Mashavu akae tu. Akae kivulini, achotewe maji, afuliwe, asiguse mchi wala jembe. Kila aliyepita alimpa pole, naye akazimeza pole hizo pamoja na ugali mpaka akanenepa, akapandwa na presha hata miaka thelathini na tano hajafika.

Zahanati, kwenye foleni ya presha, ndiko Mwalimu Bernadina, mfundishaji wa timu ya Korogwe, alikomkuta. Akamwambia kuna mazoezi kila Jumanne na Alhamisi. Mashavu alikwenda akidhani ni semina. Siku ya kwanza alipoupiga mpira ukavuka wavu, alicheka mpaka akaona haya. Hakuwa amecheka hivyo tangu ajali, na tangu siku hiyo hakukubali kuukosa mchezo ule. Nyumbani alisema anakwenda kwenye kikundi cha akina mama. Si uongo, ni kikundi, na wote ni akina mama.

Jumamosi ya mechi mzee alikuwa Bungu, msibani, na kurudi kwake kulitarajiwa kesho yake. Atakayeshinda kati ya Korogwe na Handeni angekwenda Tanga mjini kuchaguliwa timu ya mkoa. Sadala alimleta mkewe kwa pikipiki, akamshusha langoni, akaenda kusimama mbali kama mtu asiyemjua.

Korogwe walikuwa sita kamili, hakuna wa akiba. Wa saba alizuiwa na mumewe, wa nane hakupata nauli, wa tisa makondakta wawili walikataa kupakia kiti chake cha magurudumu wakisema kinakula nafasi. Handeni nao walikuwa sita. Naipanoi alikuwa ametoka nyikani kwa baiskeli ya matairi matatu, anaisukuma kwa mikono, mpaka alipoikuta lami na kupata gari. Miguu yake ilipooza angali mtoto. Wenzake walipokwenda kuchunga, yeye aliachwa bomani na ndama, akawa anajikokota nao zizini kutwa nzima. Ndama wale walimjengea mabega. Akipiga mpira, turubai linalia.

Seti ya kwanza wakachukua Handeni, ya pili wakachukua Korogwe. Walikuwa wanakunywa maji kabla ya seti ya mwisho, ile ya pointi kumi na tano ambayo mshindi lazima amzidi mwenzake kwa mbili, simu ya Mashavu ilipoita mkobani. Alikuwa Zamda, wifi yake.

"Wifi, mzee karudi! Kapata lifti. Kaniuliza uko wapi, mara ya kwanza nikasema kikundini, mara ya pili akaniangalia tu, nikasema kweli. Nisamehe wifi, mimi kumdanganya baba siwezi."

"Umemwambia wapi?"

"Uwanja wa shule. Ameshatoka hapa, anakuja na bakora yake."

Kutoka nyumbani hadi pale, kwa mwendo wa mzee, ni dakika ishirini. Alimweleza Mwalimu Bernadina kwa maneno machache, na mwalimu akainamisha kichwa.

"Sikulazimishi," alisema. "Ukitoka, tutakuwa watano na mechi imekwisha. Lakini nyumba ni yako, siyo yangu."

Mashavu alimtazama Yusra anayejipaka vumbi viganjani ili mpira usiteleze. Akatazama lango. Akiondoka sasa hivi kwa pikipiki, mzee atamkuta nyumbani, ametulia kivulini, na kivulini ndiko atakakobaki mpaka afe. Akibaki, labda mechi itaisha kabla mzee hajafika. Aliogopa sana, na katika kuogopa kwake akachagua dakika ishirini.

"Tucheze upesi," alisema.

Upesi haukuwepo. Handeni waliupeleka kila mpira pembezoni, Korogwe wakaurudisha kila mpira kwa shida. Tano kwa tano, tisa kwa tisa. Kila mpira ulipotoka nje na kufuatwa, Mashavu alitupa jicho langoni. Wakati wa kumi na mbili kwa kumi na moja jasho lilikuwa limeilowesha hijabu yake ya kijani mpaka imegandamana na shingo. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Kisha Yusra akadondosha mpira nyuma ya wavu mahali pasipo na mtu: kumi na nne kwa kumi na tatu, Korogwe mbele. Pointi moja tu, aondoke.

Mpira ukaja, Yusra akauinua, ukapaa taratibu na kuanza kushuka mbele ya Mashavu, mahali pake hasa. Kona ya kushoto ya Handeni ilikuwa tupu. Akanyanyua mkono. Na hapohapo, juu ya wavu, akaiona kanzu nyeupe na kofia na viatu vyenye tope jekundu la Bungu. Mzee Mhina alikuwa amesimama ukingoni mwa turubai upande wa Handeni, anamtazama usoni.

Mwili haukumuuliza. Miaka kumi na miwili ya ndoa, kila mzee alipokohoa mlangoni, Mashavu alifanya jambo moja. Mwanamke aliyefunzwa kwao hanyooshi mguu mbele ya mkwewe. Anajikusanya kutoka mkekani, anajiinua, anainamisha kichwa. Basi mguu ukajikunja wenyewe, kiganja cha kushoto kikasukuma turubai, akajiinua, huku mkono wa kulia ukiupiga mpira uliokwisha kufika. Mpira ukatua kwenye ile kona tupu. Watu wakapiga kelele za ushindi.

Filimbi ikalia. Refa alinyoosha mkono kuelekea Handeni. Kumi na nne kwa kumi na nne.

"Imekuwaje?" Mzee Mhina alimuuliza muuza miwa aliyekuwa kando yake.

"Yule mama wa kijani kanyanyuka, mzee," alijibu muuza miwa, kwa sauti yake ya kuuzia. "Hairuhusiwi. Angebaki chini, saa hizi wameshinda!"

"Kanyanyuka kwa nini?"

"Nani ajue? Mpira huo umemfika mkononi, yeye ananyanyuka!"

Mashavu, aliyeyasikia yote, alibaki ameukunja mguu, macho chini. Naipanoi alimtazama, akamtazama mzee, akarudi kumtazama yeye.

"Ni mkweo yule?" aliuliza kwa sauti ya chini kupitia wavuni.

Mashavu akatikisa kichwa kukubali.

"Pole. Hata kwetu ni hivyo. Lakini sitakuachia."

Na hakumwachia. Mpira uliofuata ulikuja moja kwa moja kwa Mashavu, ukaanguka mbele yake bila yeye kunyoosha hata kidole. Kumi na tano kwa kumi na nne, Handeni mbele. "Mashavu!" alilia Yusra. "Mashavu, tuko watano au sita hapa?"

Mashavu alipoinua macho akamwona mzee anachukua kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na meza ya refa. Basi, ndiyo hiyo, aliwaza. Anakaa ashuhudie vizuri. Kule mbali Sadala alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, upuuzi mtupu, ndevu zinaonekana.

Mzee alikiweka kiti palepale ukingoni. Akasimama kidogo, ameshika mgongo wa kile kiti. Kisha akakizungusha, mgongo ukaelekea uwanjani, akaketi akitazama ukuta wa darasa, bakora katikati ya magoti.

"Mzee, mpira uko huku!" muuza miwa alimwambia.

"Najua uliko," alisema Mzee Mhina.

Mashavu alikitazama kisogo kile chenye mvi. Machozi yalimjaa, na kama refa angechelewa kupuliza angelia mbele ya umati. Akaunyoosha mguu wake mmoja juu ya turubai, urefu wake wote.

Mpira uliofuata aliufuata kwa kujiburuza mpaka nje ya mstari, akauokoa, akarudi wavuni kwa mikono miwili akaukuta tena, akaupiga. Kumi na tano kwa kumi na tano. Alipiga ukelele ambao Masuguru nzima haijawahi kuusikia kutoka kwake, na kile kisogo hakikugeuka.

Lakini mabega ya Naipanoi yalikuwa bado hayajachoka. Pigo moja, kumi na sita. Pigo la pili lilimpita Yusra begani, na mechi ikaisha. Handeni ndio wa kwenda Tanga.

Wachezaji walipeana mikono chini ya wavu. "Njooni Handeni mwezi ujao, tucheze ya kirafiki," Naipanoi alimwambia Mashavu, kwa sauti iliyofika mpaka ukingoni. "Usije ukaniambia huna ruhusa." Mashavu alijifunga kanga, akaomba magongo yake, akaenda mpaka kwenye kile kiti. Sadala alikuwa ameshafika, anapangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Sadala, ambaye akili zake huja zikiwa zimechelewa, akaona afadhali ayamalize. "Baba, ulisema siku utakayomwona..."

"Niliyemwona ni mtu anayemnyanyukia mkwewe," alisema mzee, angali anatazama ukuta. "Baada ya hapo wewe uliniona nikitazama?"

"Hapana, baba."

"Basi. Mwambie mkeo..." Akajizungusha kitini taratibu, akamtazama Mashavu mwenyewe, machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mkwe," alisema. "Huko Handeni nikija, usininyanyukie. Leo tumefungwa kwa sababu yangu."