Benchi la Kanisa Sebuleni kwa Nyamvula

Nyamvula na mumewe Kadenge walipohamia Kiembeni, sebule yao ilikuwa na televisheni, feni na mwangwi. Mgeni alikalishwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na akiwa mzito aliombwa aegemee ukuta. Nyamvula alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Nyali, ameshaona viti vya kila namna. Alijua anachokitaka. Hakujua atakipata kwa njia gani.

Basi kanisa la jirani likanunua viti vyeupe vya plastiki, na mabenchi ya zamani yakatupwa nyuma ya choo. Mchungaji Elkana alikuwa akiyauza kwa bei ya kuni, na watu wakayanunua kweli wakapikia. Nyamvula alifika likiwa limebaki moja, refu, la mbao ngumu, mguu wake mmoja umeliwa na mchwa. Akalipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hili ni sofa," akasema.

Mchungaji akalitazama benchi, kisha akamtazama yeye. "Ni benchi, mama."

"Bado halijajijua."

Lilipofika nyumbani likakataa mlango. Walilijaribu kwa ubavu, wakalisimamisha, wakalipitishia dirishani likakwama kama mbuzi kwenye ua. Mwisho fundi Lewa, jirani yao, akaleta msumeno akaukata upande wenye mchwa, kipande cha kumtosha mtu mmoja, ndipo benchi likapita dirishani. Nyamvula hakukitupa. Alikipigilia miguu akakiweka karibu na mlango, kiwe cha kuwekea viatu.

Kisha akaanza kazi. Alikwangua chingamu zilizogandamana chini yake tangu enzi za watoto ambao sasa wana wajukuu. Akapiga msasa hadi viganja vikatoka malengelenge, akapaka vanishi, ikakauka, akapaka tena. Akalikatakata godoro lao kuukuu, vipande akavivika leso, nyekundu na ya manjano. Kadenge aliporudi kazini akakaa, akaegemea, akasinzia na sahani ya wali mkononi. Nyamvula akajua amefaulu.

Jumapili asubuhi hodi ikabishwa. Alikuwa bibi kizee asiyemfahamu, Biblia kwapani, viatu mkononi.

"Shikamoo, hawe," Nyamvula akamwamkia, kama anavyomwita bibi yake.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Rosalia." Akapita moja kwa moja hadi ncha ya kushoto ya benchi, akauinua mto, akaunusa, akaurudisha, akakaa. Akafungua Biblia.

"Hawe, umepotea? Kanisa liko kule mbele."

"Kanisa nimelipita. Nimekikalia kile kiti chao nikateleza kama samaki sahanini. Mtu anayeteleza ataomba saa ngapi? Hapa nilipokaa ndipo nilipowaombea watoto wangu wote, na wote wakazaliwa wazima. Mungu ananijua nikiwa pahali hapa. Nikihama, atanitafutia wapi?"

Nyamvula akaenda kuchemsha chai. Hawe Rosalia aliimba peke yake beti zote, akaomba, akajijibu "Amina", akanywa chai, akashukuru, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata alikuja na Dorothy, mwimbaji wa kwaya, na mzee Munga, aliyestaafu bandarini. Dorothy akakaa katikati. Munga alikwenda upande wa kulia, akapapasa hewani pale benchi lilipoishia.

"Pangu pako wapi?"

Nyamvula alionyesha kwa kidole kile kipande cha viatu mlangoni.

"Mmenikata!" Munga akasema. Alisimama akikitazama kipande kile kama mtu aliyeonyeshwa kaburi. Halafu akaviondoa viatu kimoja kimoja, akakaa, akaegemea ukuta, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha alikuwa anakoroma.

"Ndipo penyewe," Dorothy akasema kwa furaha. "Kwenye plastiki hajalala hata kidogo. Tulianza kuhofia afya yake."

Hapo ndipo Kadenge alipoingia. Alikuwa mlinzi wa bohari Changamwe, na asubuhi hiyo alikuwa akitoka lindo, bado amevaa sare. Akamvuta mkewe pembeni.

"Kuna msiba?"

"Hapana. Ni wenye benchi."

"Benchi si letu?"

"Letu. Lakini pahali ni pao."

"Wewe mwanangu," Hawe Rosalia akamwita bila kugeuka, "vua kofia, tunaomba."

Kadenge akavua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akavua na buti, lakini pa kuziweka palikuwa na Munga, basi akazishika mikononi mpaka ibada ikaisha.

Habari zikaenea. Wakaja na wengine ambao hawakuwahi kulikalia benchi lile, maana ilisemekana kuna chai. Wakakaa sakafuni, wakasimama dirishani. Jirani mmoja akamuuliza Nyamvula dhehebu lao linaitwaje, na Nyamvula, aliyekuwa na sufuria mkononi, akajibu kwamba hajui, yeye ni mwenye sukari tu.

Haukupita muda, Jumapili moja Mchungaji Elkana mwenyewe akabisha hodi, jasho likimtoka na uso umekunjamana.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunakungoja wewe," Hawe Rosalia akamjibu.

Mchungaji alitafuta pa kukaa. Palikuwa na nafasi moja tu, kati ya Hawe na Dorothy. Alipoinama akae, Dorothy akaweka kiganja.

"Hapa ni pa Kahindi."

"Kahindi alifariki! Mimi ndiye niliyemzika!"

"Basi wewe unajua vizuri kuliko sisi kwamba hatakuja. Lakini pahali ni pake."

Mchungaji akabaki amesimama kati ya televisheni na feni, watu wote wakimtazama. Na kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kusimama mbele ya watu wengi kiasi hicho bila kuhubiri, akahubiri. Akahubiri vizuri mno. Munga alilala kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Baada ya ibada aliomba benchi lirudishwe kanisani.

"Haiwezekani," Nyamvula akasema. Akamwonyesha viganja vyake. "Ulipoliona wewe lilikuwa kuni. Halilali nje ya nyumba yangu."

"Na mimi sirudi kwenye plastiki," Hawe Rosalia akasema.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Kadenge, aliyekuwa ametoka lindo tena na hajalala tangu jana yake, akanyanyua buti zake juu kama mtu anayeapa.

"Liende kanisani Jumapili, likisha kusali lirudi! Mimi nataka kulala tu!"

Halikuwa wazo baya.

Jumapili iliyofuata benchi likatoka, dirishani tena, likabebwa mabegani kupitia mitaa ya Kiembeni. Hawe Rosalia alitangulia taratibu na Biblia yake. Nyuma alifuata Munga na kipande chake kichwani, na nyuma ya Munga alikuwa Kadenge, ambaye mkewe alimtuma ahakikishe vanishi haichubuki. Waendesha bodaboda wakazima injini wakavua helmeti. Wenye vibanda wakapunguza redio. Mama mmoja muuza mahamri akaacha karai motoni, akaingia kwenye msafara akilia.

"Nani ametutoka?" akauliza kwa kwikwi.

"Hajatutoka mtu," Hawe Rosalia akamwambia. "Ni kiti changu kinakwenda kanisani."

Mama akafuta machozi, akiwa amekasirika kidogo. Lakini alikuwa ameshafika mbali, akaendelea nao.

Nyumbani, Nyamvula alibaki peke yake sebuleni siku ya Jumapili kwa mara ya kwanza tangu alipolileta benchi. Akakaa sakafuni katikati ya sebule, akasikiliza feni. Alikuwa ameitamani asubuhi kama ile. Akawasha televisheni, akaizima. Akaenda mlangoni, akachungulia barabara, akarudi. Mwishowe akabandika sufuria ya chai, ile kubwa.

Waliporudi walikuwa wamelowa jasho, kwani kulibeba benchi la mbao ngumu juani si mchezo. Wakaliweka mahali pake. Na kwa kuwa walikuwa wamechoka, wakakaa wapumzike kidogo.

Mpaka jua linakuchwa walikuwa bado wamekaa, pamoja na yule mama wa mahamri, na Nyamvula alikuwa akiongeza maji kwenye sufuria ya chai.