Duara la Chembe Ishirini na Moja

Kompyuta yetu haiwezi kubeba dunia nzima, kwa hiyo tunakata kipande. Mimi nilikata chembe ishirini na moja za sumaku nikazipanga kwenye mstari. Kila chembe ni kama mshale mdogo unaotaka kuelekea kinyume na jirani yake: huyu juu, yule chini. Nilichagua idadi hiyo kwa sababu nilipenda kuwe na moja iliyokaa katikati kabisa.

Shida ilikuwa ncha. Chembe ya mwisho ina jirani mmoja tu, na upweke wake unavuruga hesabu za wenzake.

"Funga ncha mbili ziwe duara," aliniambia msimamizi wangu. "Kusiwe na mwanzo wala mwisho."

Nikafunga. Nishati ikatoka juu kuliko nilivyotarajia. Nilikagua programu siku mbili, mstari kwa mstari, nisione kosa. Basi nikamwandikia: "Dokta, nafikiri tumepata kitu kipya." Alifurahi hata akakiweka kwenye maelezo ya kuwaonyesha watafiti wageni Ijumaa asubuhi. Kazi yangu mbele ya wageni, mimi ninayeona haya hata kukohoa mkutanoni!

Alhamisi jioni nilikuwa kwa kaka yangu, namsaidia mkewe kutunga bangili za shanga anazouza.

"Wifi, mbona hapa nyeupe mbili zimekaa pamoja?" akaniuliza.

"Nimefuata mpangilio. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi."

"Umeufuata mpaka umepotea. Umetunga ngapi?"

Nikahesabu. "Kumi na tisa."

"Witiri! Miaka yote hiyo chuoni unasomea namba, halafu bangili inakushinda." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Zikiwa kwenye uzi mnyoofu hakuna atakayejua. Ukifunga tu, umeumbuka. Ya duara lazima iwe shufwa, mama."

Nikaiweka bangili chini. Ishirini na moja.

"Wifi, mbona umeiacha? Nimekukera?"

"Hapana. Naomba kompyuta yangu, ipo kwenye mkoba hapo nyuma yako."

Nilijaribu chembe ishirini, kisha ishirini na mbili. Nishati ikatulia mahali pake, mara zote mbili. Kitu changu kipya kilikuwa majirani wawili waliolazimika kuelekea upande mmoja kwa sababu mimi sikuhesabu vizuri.

Kesho yake nilifika mlangoni kwa msimamizi kabla ya wageni. Nilibisha kwa sauti ndogo hivi kwamba ikabidi nibishe tena.

"Dokta, kile kitu si kipya. Ni kosa langu. Nilifunga duara la witiri."

Alitazama dari, akahesabu kwa vidole, akashusha pumzi. "Mimi ndiye niliyekuambia ufunge."

"Lakini sikukuambia ziko ngapi."

"Nami sikuuliza." Akafungua maelezo yake, akafuta ukurasa wangu. Nilidhani tumemaliza. Kisha akageuka. "Wale majirani wawili wasioelewana, wako wapi kwenye duara?"

"Niliwatafuta, Dokta. Hawako mahali pamoja. Nimepima kila jozi, na zote zina kasoro ileile, kidogokidogo. Kama vile ugomvi wenyewe unazunguka."

"Hilo nalo ulikusudia kuliacha nyumbani?"

"Niliogopa ni sehemu ya kosa."

"Ni sehemu ya kosa, ndiyo. Waeleze wageni. Dakika tano."

Nikasimama mbele ya watu saba. Nilianza na kosa, kwa sababu ndilo nililolijua vizuri zaidi. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akatabasamu. Akasema naye aliwahi kupoteza mwezi mzima kwa duara kama hilo. Halafu akauliza, "Na ukiongeza chembe, huo ugomvi unafifia au unabaki na nguvu ileile?"

"Sijui bado," nikasema, na kichwani nilikuwa nimeshaanza kuhesabu: ishirini na tatu, ishirini na tano.