Matundu ya Darasa la Sita

Ngazi ilikuwa imeshaegemezwa ukutani na fundi ameshapanda na ndoo yake ya lami, Mwalimu wa Sayansi alipoingia getini akihema.

"Fundi! Shuka kwanza, baba!"

"Nishuke niende wapi? Mkaguzi anakuja leo. Nimeambiwa akifika akute paa lote limezibwa."

Paa la Darasa la Sita lilikuwa limetoboka miaka nenda miaka rudi. Mvua ikinyesha, watoto walisukuma madawati huku na huku kutafuta pakavu. Mwalimu mwenyewe alilipigia kelele kila kikao, akajibiwa avute subira. Leo, kwa kuwa mgeni anakuja, lami imepatikana. Na leo hiyo hiyo jua linapatwa! Jamani, si mkosi huo?

Miwani maalumu ya kutazamia jua iliahidiwa, ikaishia kwenye ofisi za wakubwa. Shuleni ilifika amri tu: watoto wafungiwe ndani, milango na madirisha, wasije wakapofuka. Basi Mwalimu akabaki na matundu yake. Kwa majuma kadhaa aliwafundisha watoto kuzungushia chaki viduara vya mwanga vilivyoanguka sakafuni. Waliviona vikiihama chaki, wakajua kumbe ni dunia inayozunguka. Kila kiduara ni picha ya jua, aliwaambia. Siku likimegwa, mtaliona limemegwa hapa hapa miguuni penu.

"Ukiziba, hawataona kitu," alimwambia fundi.

Fundi akacheka. "Si wewe uliyenikaba koo mwaka mzima nizibe? Nikifukuzwa utanilisha?"

"Sitaweza, baba. Nakuomba tu."

Kazi ya kibarua inajulikana: ukizubaa, mwenzako yuko mlangoni. Fundi aliitazama ndoo, akamtazama Mwalimu, akashuka polepole.

"Ngoja nianze na ofisi ya Mkuu," akasema. "Inavuja vibaya sana ile."

Ofisi ya Mkuu haijapata kuvuja hata tone. Mwalimu alishukuru mpaka maneno yakamwishia.

Milango ikafungwa. Joto likapanda, watoto wakatoka jasho, macho yote sakafuni. Mara yowe likapigwa na Kasuku, binti aliyepewa jina hilo kwa vile mdomo wake haulali.

"Limemegwa! Mwalimu, langu limemegwa!"

Lo! Vijua vilivyoliwa ubavu vilitapakaa sakafuni, juu ya madawati, juu ya mashati yaliyochakaa. Watoto walipiga magoti na karatasi zao, wakivichora huku wakisukumana kwa furaha. Mwalimu alitokwa na machozi wala hakuyaficha. Alimshukuru Mungu, akamshukuru fundi, akayashukuru hata mabati mabovu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mkaguzi, na nyuma yake Mkuu wa Shule, uso umemparama kwa kuona paa halijaguswa. Kijua kimoja kikatua kwenye shati jeupe la mkaguzi, juu ya kitambi.

"Hiki nini?"

Kasuku akamweleza mwanzo mwisho, hata jua likakaribia kurudi zima. Mkaguzi akapiga makofi.

"Hongera, Mwalimu! Hii ni maabara kabisa! Mkuu, paa hili lisiguswe. Lami hiyo ipelekeni kwingine."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Mkuu akapumua.

Mwalimu akayatazama matundu. Utamkatalia vipi mtu anayekusifu? Kasuku akanyoosha mkono.

"Asante sana, Mheshimiwa. Ila somo la jua tumeshalimaliza. Na la mvua tulishalisoma vya kutosha."

Mkaguzi akatabasamu, tabasamu likamgandia usoni.

Juu ya vichwa vyao mabati yakalia. Kijua kimoja sakafuni kikazimika, kisha cha pili, kisha kile cha kwenye shati.

"Nani kamruhusu huyo?" Mkuu akafoka.

Mwalimu aliinua uso kuelekea kwenye kishindo cha nyayo.

"Asante, baba," akasema, kwa sauti ya kufika juu.