Choo cha Mwinjilisti Kisilu

Siku Mwangalizi Bartholomew aliposimama mbele ya kanisa letu la Katangi na kutangaza kiongozi mpya, mimi nilicheka, tena nikiwa mstari wa mbele. Bartholomew ndiye mkubwa wa makanisa yetu yote ya upande huu, na hapendi watu wacheke akitangaza. Lakini ningefanya nini? Kiongozi mwenyewe alikuwa Kisilu, mwenye miaka ishirini na mitatu na suti ya kuazima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa arushe ndege leo hii bila kusomea.

Alikuwa amekuja kutoka Syokimau kama mmisionari wa kumsaidia Mchungaji Reuben: kufundisha watoto, kupiga gitaa, kutembelea wagonjwa. Kazi hiyo aliiweza, akanenepa nayo. Kisha Reuben akahamishiwa Kivaa ghafla, nafasi ikawa haina mtu, Kisilu akawekewa mkono kichwani na kuambiwa ashike kanisa. Tangu siku hiyo akaanza kukonda.

Najua habari zake kwa sababu anakaa kwangu. Mimi ni Mwongeli, mjane na kiongozi wa akina mama kanisani, ingawa watu huniita Mama Winfred kwa jina la binti yangu anayefanya kazi kiwandani kule Mavoko. Kisilu analala chumba cha Winfred. Ukuta kati yetu ni wa mabati, kwa hiyo nasikia anachosema kwenye simu hata nisipotaka, na mara nyingi nataka.

Chuoni walimfundisha kwamba kiongozi ni mtumishi, naye akaelewa kwamba wengine wote wapumzike. Alifagia kanisa kabla wafagiaji hawajaamka. Alichemsha chai ya kamati. Alipanga viti, akapiga ngoma, akahubiri. Jumapili moja alitangaza wimbo, akaupigia gitaa, akauimba yeye sauti ya kwanza na ya pili, sisi tukabaki tumekaa kama watu walioingia harusini bila kadi. Mzee Ndunda, mzee wa kanisa ambaye ndiye huanzisha nyimbo tangu nikiwa msichana, alifunga kitabu chake na kukiweka mfukoni.

Halafu mvua ikaangusha choo cha kanisa. Hilo si jambo dogo. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia, na mwaka huu zamu ya kupokea wageni ilikuwa yetu: watu wa Kithyoko na watu wa Kivaa, kwaya zao, watoto wao na mabibi zao. Watafika Jumamosi, watalala, na Jumapili watakaa kutwa nzima, watakula muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, watakunywa chai vikombe viwili vitatu. Bila choo tungekuwa hadithi ya Yatta nzima.

Kazi kama hiyo hapa kwetu hufanywa kwa mwethya. Mwenye shida anapita nyumba kwa nyumba, anakaa, anakunywa alichopewa, anaeleza shida yake, na siku ikifika majirani wanakuja na majembe na nyimbo. Lakini lazima aje aombe. Asipokuja, hakuna atakayeinua jembe, kwa sababu kujitia katika kazi ya mtu mzima ambaye hajakuita ni kumtangazia kijiji kwamba hajiwezi. Mtoto wa Syokimau angejua hayo wapi? Huko choo kikiharibika mtu anapiga simu, fundi anakuja.

Kwa hiyo Kisilu alinunua jembe, akakopa sururu, akatengeneza ngazi ya miti, akaanza kuchimba peke yake. Mungu wangu, ile ilikuwa sinema. Alijaza ndoo udongo, akapanda ngazi, akaivuta ndoo kwa kamba, akamwaga, akashuka tena kuijaza. Watu walipita barabarani wakimwambia, "Pole na kazi, Mwinjilisti." Naye akajibu, "Asante, nimezoea," huku viganja vinamtoka damu. Ndunda alipita na wanawe watatu, wenye mabega ya fahali, wakasimama kwenye ua kumpa nafasi ya kusema neno. Kisilu akawapungia mkono akarudi shimoni.

"Huyu kijana anajiona," Ndunda aliniambia. "Hata kutuambia habari ya choo hajatuambia."

Jioni hiyo nikamsikia Kisilu akiongea na Bartholomew kwenye simu. "Mwangalizi, siwezi," alisema. "Hawa watu hawanitaki. Wananiona nikichimba, wananiambia pole, wanaenda. Hata washirika wa kanisa wamepungua. Tafuta mtu mwingine." Akasikiliza. "Sawa. Jumapili ya mavuno ukija na gari nitakuwa nimepanga nguo."

Nilikasirika nikaacha sufuria mekoni ikaungua. Nilimkasirikia yeye kwa upofu wake, nikamkasirikia Ndunda kwa kiburi chake, na baada ya hasira nikaona kwamba sitaki aende. Tangu Winfred ahamie Mavoko nyumba yangu ilikuwa imenyamaza, na kijana huyu hucheka mezani mpaka chai inampitia puani. Ningemkosa vibaya sana.

Asubuhi nikajaribu kumsaidia kadiri adabu inavyoruhusu. Mtu hawezi kumwambia mwenzake "niombe." Hiyo ni aibu. Nikazunguka.

"Hiyo shimo ni kubwa, mwana wakwa," nilimwambia nikimwekea uji.

"Mungu atanipea nguvu, Mama Winfred."

"Ndunda ako na vijana watatu."

"Ndiyo, nawaona. Sitaki kusumbua watu, wako na kazi zao."

Karibu nimmwagie ule uji. Nguvu Mungu ameshatoa, ziko kwa Ndunda zimelala! Lakini nilifunga mdomo, nikaenda kuchuma kunde zangu kwa hasira.

Alhamisi kabla ya mavuno, shimo lilikuwa limempita kichwa na bado lilitaka urefu kama huo tena. Kisilu alikuwa chini. Alipokanyaga ngazi apande, miti yake ya kukanyagia ikavunjika mmoja baada ya mwingine, ngazi nzima ikamwangukia. Hakuumia. Ila alikuwa ndani, kuta ni udongo mbichi usioshikika, na simu aliiacha juu ndani ya koti.

Mtu mwingine angepiga kelele hapo hapo. Kisilu aliona haya. Kiongozi wa kanisa apige kelele shimoni mchana kweupe, sokoni watasemaje? Akaamua kuimba, akitumaini mtu atakuja kumsalimia amwone. Sasa Kavutha, anayeuza nyanya ng'ambo ya barabara, alisikia wimbo, akaupenda, akaitikia kiitikio kutoka kibandani kwake. Wakamaliza beti zote. Kisilu akaimba mwingine kwa sauti kubwa zaidi, Kavutha akaitikia na huo, na mteja wake akasaidia sauti ya pili. Kisilu akaacha kuimba, akaanza kuomba kwa nguvu kwamba Bwana amtoe shimoni. Kavutha alisema amina na kuendelea kupanga nyanya. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza haya baadaye, bila haya hata kidogo.

Mimi nilikuwa narudi kutoka kisimani niliposikia jina langu.

"Mama Winfred! Mama Winfred! Watu wa Katangi, nisaidieni! Siwezi peke yangu!"

Nilitua mtungi chini. Najua mtu hapaswi kufurahi jirani yake akilia ndani ya shimo, lakini nilifurahi. Nilikimbia huku nikipiga vigelegele, watu wakadhani kuna harusi. Kavutha aliacha nyanya. Fundi wa baiskeli akaja na spana mkononi. Ndunda alitokea kwake na kamba begani na wanawe nyuma, kila mmoja na jembe lake, na mpaka leo hajaeleza kwa nini majembe yalikuwa karibu hivyo.

Akachungulia ndani. Kisilu alikuwa mwekundu kwa udongo kuanzia nywele.

"Umesema nini, Mwinjilisti?" Ndunda aliuliza. "Masikio yangu ni ya uzee."

"Nimesema nisaidieni, mzee."

"Tukusaidie kutoka?"

Kisilu alitaka kusema ndiyo. Nilimwona. Kisha akatazama kuta, akatazama ndoo, akatazama viganja vyake. "Kutoka," alisema. "Na kuchimba. Na kuezeka. Na wageni, mzee, sijui nitawalaza wapi, sijui watakula nini. Sijui kitu. Nimechoka."

Hakuna aliyecheka. Ndunda aligeuka akatutazama wote. "Mmesikia. Ametuita," alisema, na akateremsha kamba.

Walipomtoa alitaka kushika jembe tena. Mwana wa mwisho wa Ndunda akamnyang'anya, akaruka ndani, kaka zake wakashika ndoo. Ndunda akaanzisha wimbo, wa kwanza tangu Reuben ahame, na kila tulipoitikia ndoo ilipanda. Mimi nilimkalisha Kisilu juu ya jiwe na kumpa maji. Akaniuliza kwa nini hawakuja siku zote zile. Nikamweleza habari ya mwethya, yote, bila kuzunguka.

"Walikuwa wananingoja mimi?" aliuliza.

"Na wewe ulikuwa unawangoja wao."

"Mama Winfred, si ungeniambia!"

"Si ungeniuliza!" nilimjibu, na tukagombana kidogo hapo hapo juu ya jiwe, kisha akacheka mpaka maji yakampitia puani.

Kufikia Jumamosi choo kilikuwa kimesimama, kina milango miwili na mabati yanayong'aa. Wageni waligawanywa nyumba kwa nyumba. Kisilu alizunguka nyumba zote kuomba godoro, sufuria na viti, akanyweshwa uji kila mahali mpaka akawa anatembea kwa shida. Nilidhani mambo yameisha. Lakini usiku nilisikia zipu ya begi lake ikifungwa, nikaelewa kwamba hajabadilisha neno alilompa Bartholomew. Sikumwambia kitu. Asubuhi nilimpigia pasi shati, nikaunguza kola kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Mavuno yalikwenda vizuri. Watu wa Kithyoko waliimba, watu wa Kivaa wakaimba zaidi, muthokoi ukaisha, na choo kikasifiwa hata kwenye hotuba. Jioni Bartholomew akasimama kando ya gari lake, Kisilu mbele yake, sisi tumezunguka tukijifanya tunaaga wageni.

"Basi, kijana wangu," Bartholomew alisema. "Umepanga nguo?"

"Nimepanga."

Nikashika mkono wa Kavutha nikaufinya.

"Lakini hawa sijawauliza," Kisilu aliendelea. Akatugeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wazee wangu, mama zangu, hii kazi ni kubwa kuliko mimi. Naiogopa kila siku nikiamka. Nikibaki, nitakuwa nawasumbua sana. Mtakubali?"

Sisi si watu wa kusema tunachohisi mbele ya wageni, na Bartholomew alianza kutazama saa. Hatimaye Ndunda akakohoa.

"Mahubiri yake ni marefu," alisema.

Uso wa Kisilu ukaanguka.

"Na Kikamba anachoongea kinachekesha watoto," Kavutha akaongeza.

"Ugali anapika unakuwa uji," mmoja wa wana wa Ndunda akasema. "Na hajui kukamua."

"Ni kweli," nikasema mimi. "Ni kweli yote. Sasa nani mwingine atamchukua hivyo alivyo?"

Watu wakaangua kicheko. Kisilu alitutazama mmoja mmoja, alipoelewa akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia mbele ya Kithyoko na Kivaa nzima. Nikaenda nikamshika, nikalia naye waziwazi, wala sikujali nani anaona.

"Kwa hivyo mnaniambia nini?" Bartholomew aliuliza.

"Tunakuambia safari njema, Mwangalizi," Ndunda alijibu, akamfungulia mlango wa gari.