Sura ya Elinaza Mrutu

Godwin Mrutu alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti Same mjini, na tangu mchango wa sanamu uanze hakuwa na mazungumzo mengine. Mteja akija kuulizia dirisha, anasimuliwa kwanza habari za Elinaza Mrutu, dirisha baadaye. Elinaza alikuwa baba yake. Ndiye aliyewaongoza watu wa mlimani kupasua barabara kwa sururu na mitalimbo, kutoka kwenye migomba huko juu mpaka tambarare, enzi ambazo mgonjwa alishushwa kwa machela na wengine walikata roho njiani. Jiwe lilimwangukia kwenye kona ya mwisho, Godwin akiwa hajaota hata jino. Gari la kwanza lilipopanda, mwenye barabara yake alikuwa kaburini.

Sasa watu walikuwa wamekubaliana asimamishwe pale barabara yake inapokutana na lami, na mchango ukaitikiwa kuliko walivyotegemea. Wa Dar na Arusha walituma kwa simu. Wa mlimani walishusha magunia ya tangawizi yakapigwa mnada uwanjani. Bi Mwanaasha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitoa saruji yote, akisema marehemu baba yake alianza biashara kwa tangawizi iliyoshuka na barabara ile. Hata wafugaji wa huko porini walileta mbuzi. Kila walikokwenda kuomba, aliyesimama mbele ni Godwin. "Mimi ni mwanawe," anasema, na hapo mikono inaingia mifukoni.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Methusela, swahiba wa Elinaza na msaidizi wake katika kazi ile ya barabara. Tuseme tu ukweli, huyu ndiye aliyemlea Godwin. Alimlipia ada ya chuo cha ufundi, akasimama kama mzazi siku ya harusi yake. Godwin alimwita baba mdogo, lakini moyoni mwake lile neno "mdogo" lilikuwa limekwisha futika siku nyingi.

Kikwazo kikawa picha. Elinaza hakuacha hata moja. Ile ya harusi ililiwa na mchwa ikabaki fremu. Jabiri, fundi wa sanamu waliyemleta kutoka Tanga, alisema hawezi kufinyanga hewa.

"Si mimi nipo?" Godwin akasema kikaoni. "Umri wangu ndio ule aliofia baba. Na mama ananiambia tangu utotoni, mimi ni yeye mtupu."

Mzee Methusela akakohoa. "Hapana, mwanangu. Fundi akisie tu. Watu wanataka kumbukumbu, hatutengenezi kitambulisho."

"Watu watoe jasho lao, baba mdogo, halafu tuwawekee sura ya kukisia?"

Mzee akajaribu njia nyingine, akasema wamvike kofia pana, uso ufunikwe na kivuli, ndivyo itakavyopendeza. Godwin aliingiwa na uchungu. Alidhani mzee anamwona hastahili. Akang'ang'ania mpaka wajumbe wengine, huku wakitazama meza, wakasema haya, na iwe hivyo.

Basi akawa anakaa kwenye stuli nyuma ya karakana, Jabiri akimpima paji na taya kwa vidole vyenye udongo mbichi. Godwin alikuwa na kipara na alinyoa ndevu kila asubuhi. Lakini wazee walisema Elinaza alikuwa na nywele tele na masharubu mazito, basi Jabiri akaziweka nywele, akayaweka masharubu. Kazi ilipokamilika, Godwin alisimama mbele ya ule uso wa udongo akatokwa na machozi. Hatimaye alikuwa amemwona baba yake.

Wazee na kamati wakaitwa kuukagua kabla haujahamishiwa kwenye saruji. Shangazi Namsifu, ndugu pekee wa Elinaza aliyekuwa bado hai, aliletwa kutoka Shighatini alikoolewa tangu usichana. Mama yake Godwin, Nasha, alisema magoti yanamsumbua. Hakushuka.

Jabiri akavuta turubai.

Godwin alisubiri vigelegele. Shangazi akasogea na mkongojo wake, akauzunguka ule uso, kisha akacheka kwa furaha kabisa.

"Jamani, mmemweza!" akasema. "Methusela huyu! Methusela wa enzi zile, alipokuwa akija nyumbani kumfuata kaka. Na masharubu yake haya haya, walikuwa wakishindana kuyafuga. Haya, na kaka yangu yuko wapi?" Akageuka huku na huku, akitafuta sanamu ya pili.

"Shangazi," Godwin akasema, "huyo ndiye baba."

"Baba gani? Elinaza alikuwa na uso mrefu, pua imechongoka kama hii yangu. Mie nimsahau kaka yangu?" Akamtazama Godwin. Akautazama udongo. Akamtazama Godwin tena, na kicheko kikamkauka. Akaziba mdomo kwa kanga.

Godwin akawageukia wazee, na hapo ndipo alipoumia. Alitegemea amwone hata mmoja ameshangaa. Mmoja alikuwa anakagua viatu vyake. Mwingine alikuwa ameweka simu sikioni na hakuna aliyempigia. Mzee wa kanisa aliyemfundisha kwaya utotoni alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye mvua aliyoiona ikija tangu asubuhi sasa imemfikia. Wote walijua. Walijua siku zote alizosimama mbele yao akisema mimi ni mwanawe, wakampigia makofi. Mzee Methusela alikuwa ameshatoka.

Godwin alipanda mlimani kwa pikipiki alasiri ile ile. Alimkuta mama yake uani, anapangusa udongo kwenye tangawizi, sufuria ya makande jikoni ikitokota.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja?"

"Shangazi ameuona uso wa sanamu."

Mkono wa mama ukasimama. "Nilimwambia Methusela akuzuie," akasema.

Neno la kwanza lililomtoka ni hilo. Godwin akaketi kwenye kinu.

"Kwa hiyo mlikaa mkazungumza. Wewe na yeye."

"Elinaza alikuwa analala huko kwenye mawe, mwezi unaingia, mwezi unatoka. Hakuna aliyekuja kunijulia hali ila Methusela, akiniletea chumvi na salamu. Sitakudanganya kwamba alinilazimisha."

"Yeye Elinaza alijua?"

"Alikupakata. Akakupa jina lake. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuuliza."

"Nilipokuwa naanza shule nikalia kwamba wenzangu wana baba, ulinipeleka mfereji wa maji. Ukaniambia, inama ujitazame, baba yako huyo hapo."

"Ulikuwa unalia, Godwin. Ningekwambia nini?"

"Nimewaomba watu mpaka mbuzi wao, mama! Kwa jina la mtu ambaye nyinyi ndio mliomdhulumu. Nanyi mmekaa mnanitazama."

Nasha akajifuta macho kwa kiganja chenye udongo, na udongo ukabaki shavuni. Siku nyingine yoyote Godwin angeinuka akaupangusa. Aliwasha pikipiki akaondoka, makande hajayagusa.

Kesho yake Mzee Methusela alikuja karakana. Godwin alikuwa ameinamia geti. Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumpa shikamoo. Mzee alisimama akiingoja, marahaba imemkaa mdomoni, mpaka akaelewa haiji.

"Wacha isimame hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Tunaoikumbuka sura yangu ile ni wachache, nasi tunakwisha. Watoto wataambiwa ni Elinaza, na itakuwa Elinaza."

"Ulimchukulia mke," Godwin akasema. "Ukamchukulia na mtoto. Sasa unataka na uso wake?"

"Nilikuzuia. Mungu anaona, nilikuzuia."

"Kwa ajili ya nani?"

Godwin akashusha kioo cha kuchomelea, akawasha moto, na alipouzima mzee alikuwa hayupo. Jioni habari zikaja kwamba Methusela amejiuzulu uenyekiti kwa sababu ya afya.

Uso ule Godwin aliuvunja mwenyewe. Alianza na pua, akaibonyeza kwa kidole gumba, kisha akaufinya wote kama unga wa chapati, Jabiri akimtazama. Shangazi Namsifu akabaki mjini, akawa anashinda na Jabiri nyuma ya karakana: kidevu kirefushe, hapana, umezidisha, masikio yalale. Siku moja Godwin akamsikia akisema kwa sauti ya kulia, "Basi. Usiguse tena." Hakwenda kutazama. Alimalizia uzio wa chuma wa kuzunguka sanamu, kwa kuwa aliahidi na watu walikwisha toa michango yao.

Siku ya uzinduzi pale njiapanda palijaa. Kwaya iliimba. Mama yake alikuwa mstari wa mbele kwa kitenge kipya, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Godwin alisimama nyuma kabisa, kati ya vijana wa bodaboda.

"Sasa tunamkaribisha mtoto wa marehemu aondoe kitambaa!" akatangaza mshereheshaji, na watu wa mjini wakashangilia. Wazee wa mlimani wakatazama chini.

Shangazi alimwona. "Godwin! Njoo, mwanangu."

Akatikisa kichwa. Shangazi alingoja kidogo, kisha akakivuta kitambaa mwenyewe.

Alikuwa mtu wa uso mrefu, pua imechongoka, masikio yamelala kichwani. Godwin alimtazama paji, akamtazama midomo, akarudia tena juu mpaka chini, akitafuta hata kitu kidogo cha kushika. Alikuwa mgeni kabisa.

Kijana wa bodaboda akampiga bega. "Hongera, kaka. Mmefanana kweli wewe na mzee."

Godwin akasema asante, akajipenyeza kutoka kwenye umati kabla mama yake hajageuka kumtafuta.